Kengele ya Motokari ya Mikate

Elisabethville, Cité Albert
14 mwezi wa pili 1954

Mutoto wangu Lucien, huko Kambove,

Pokea salamu za nyumba nzima, wewe na muke wako Claudine. Hapa tuko wazima. Mama yako Laurentine anasumbuliwa na goti, lakini mudomo wake hauna homa hata kidogo: siku hizi anasema nami kwa makelele, utadhani mimi niko ng'ambo ya Luapula. Majirani nao wamegeuka kinyume, bote bananong'ona. Sijui ni adabu ao ni ugonjwa. Hata padri wetu, yule mwenye sauti ya ng'ombe dume, Noeli alihubiri kama muntu anayeungama. Na kinanda cha kanisa kikafa katikati ya wimbo, nikabaki naimba mimi peke yangu, kanisa zima limegeuka kuniangalia. Wewe ulikuwa pembeni yangu, ukachunguza viatu vyako. Nilikusamehe siku ileile.

Sasa habari yenyewe. Patroni wetu wa bulanjeri, Monsieur Delvigne, amepata motokari mupya kutoka Bulaya, ya kugawanya mikate. Ya umeme! Ilishuka kwa treni imefunikwa turubai, na sisi mashofere tukaenda kuipokea namna bantu banavyopokea bibi harusi. Patroni akafungua boneti. Lucien, ndani mulikuwa bure. Nilitafuta moteri kama vile unavyotafuta nyama mu supu ya masista. Hakuna karburateri, hakuna radiateri, hakuna kitu cha kuchafua mikono. Chini ya sakafu kuna masanduku ya batri tu, yamepangwa kama sabuni dukani. Mwansa, yule wa kamyo ya unga, akauliza kwa heshima yote: «Patroni, moteri iko inakuya na treni ya kesho?»

Tangu siku ile, kila Siku ya Mungu baada ya misa, kikao chetu pa nyumba ya Mwansa kimegawanyika. Unakijua kikao chenyewe: pombe ya munkoyo, viti vitatu, na mashofere wanane wenye kujua kila kitu. Sisi wa esanse, hii petroli inayolisha Madame, motokari yangu ya zamani, tuko wengi. Wa umeme ni mumoja, Zéphirin Kapinga, Mukasai, mugeni mu Katanga yetu, anayevaa tai hata akibadilisha gurudumu. Anasema: «Papa Léonard, Madame yako iko inakula esanse, inakunywa maji, inatoa moshi, na bado inapiga kelele. Ya umeme iko inatumika na kunyamaza.» Nikamujibu: «Mwanamuke mwenye kunyamaza njo wa kuogopa.» Bantu bakaanguka kwa kicheko. Yeye pia alicheka, lakini alibaki na tai yake na mawazo yake.

Mimi sicheki sana. Patroni anasema baada ya Pasaka Madame itatafutiwa mununuzi. Shofere wa motokari mupya nitakuwa mimi, kwa sababu niko wa zamani kupita bote; nikikataa, ni Kapinga, na mimi nijitafutie njia. Kuna jambo moja kiloko tu: kwanza munganga aangalie macho na masikio, asiransi, kampuni ya bima, ndiyo inaomba vile. Nimesema nitafikiri. Wewe unanijua, mimi ni muntu wa esanse.

Uniandikie kama treni yako ya umeme, hiyo unayotumikia huko, inakuambia kitu siku inapougua, ao inakufa tu bila kuaga.

Baba yako mudogo,
Léonard Mwenze


Kambove, 9 mwezi wa tatu 1954

Baba mudogo mupenzi,

Nakusalimu kwa magoti mawili, na Mama Laurentine vilevile, na goti lake hilo moja. Claudine anawasalimu. Ana habari, lakini anasema ni mapema kuiandika, basi sijaiandika.

Barua yako niliisoma mu kantini kwa sauti, na wenzangu balicheka mupaka mwenye kantini akakasirika. Lakini niruhusu nisimame upande wa Kapinga, hata kama simujui vizuri. Ungepanda nami siku moja ukaona treni hii inavyokamata mulima! Ile ya moshi ilikuwa inapanda inalia kama muntu anayebeba friji mgongoni. Hii inapanda kama vile mulima ni uongo. Hakuna kubadilisha vitesi, gia baada ya gia, hakuna kupoteza pumzi. Unasukuma mkono wa chuma, inaenda.

Ubaya wake nitausema pia, usidhani nimenunuliwa. Radi ikipiga, waya unakufa, na sisi tunakaa porini kama mbuzi aliyefungwa kamba, na abiria wanatutukana kwa luga zote za Katanga. Madame yako haina kamba. Ingefika Kasomeno kule mbali na kurudi, motokari ya Kapinga ingelala njiani ikiomba batri. Hapo umeshinda.

Lakini si kweli kwamba haisemi. Ina sauti ndogo, kama mbu mu chandarua. Magurudumu yakiteleza, sauti ile inapanda, na machinisti anayeiendesha anajua kwa sikio kabla ya kuangalia saa zake za vipimo. Wewe ndiwe uliyenifundisha kusikiliza mashini, baada ya baba kufa: ulikuwa unaweka tournevis, bisibisi yako, juu ya moteri ya Madame, ncha ya pili kwa sikio langu, unaniuliza: «Ni silinda gani inakohoa?» Nikikosea ulinipiga kofi la mapenzi. Kofi lilikuwa zito kuliko mapenzi.

Kwa hiyo nenda kwa munganga, baba mudogo. Ataangalia macho, ataangalia masikio, itakwisha kabla kahawa haijapoa. Kwa nini kufikiri?

Mutoto wako,
Lucien


Elisabethville, 4 mwezi wa ine 1954

Lucien,

Salamu. Tuko wazima, ila jogoo wetu ameacha kuwika. Laurentine anasema anawika kila asubuhi. Tumebishana, nimemwachia ushindi, nyumba ilale.

Mambo mengi yamepita. Patroni alitujaribisha mu kiwanja cha bulanjeri, mumoja mumoja. Mimi wa kwanza, kwa heshima ya mvi zangu. Nikapanda, nikageuza funguo. Kimya. Nikangoja. Madame ukiiwasha, kiti kinatetemeka, matako yenyewe yanajua moteri imeamka. Hapa hakuna kitu, kiti kimetulia kama kaburi. Nikamwambia patroni: «Imekufa, Monsieur», nikaegemea mguu wangu ili nishuke. Kumbe mguu uko juu ya pedali! Motokari ikaruka kama chura, ikaingiza pua mu mifuko ya unga. Nilitoka pale muzungu kamili, kwa mara ya kwanza mu maisha yangu, na hakuna hata mumoja aliyeniita Monsieur.

Walicheka, lakini Mwansa alisimama kunitetea: «Muliona? Ile si motokari, ni mutego. Kitu kisichosema kama kiko kizima!» Na Bwalya, ambaye anatengeneza magurudumu, akapanda akafanya kosa lilelile, akagonga pipa. Basi si mimi tu. Sisi bote tumezoea moteri inayosalimia.

Lakini Kapinga akasema: «Hapana, papa Léonard. Iko inasalimia. Ukigeuza funguo inafanya tak, halafu ngiii, kiloko kama mbu. Hamukusikia?» Bwalya akasema ndiyo, tak aliisikia, alizani ni mulango. Mwansa naye akasema alisikia ngiii, lakini ngiii si sauti ya motokari ya mwanaume.

Nikasema hata mimi nilisikia.

Jioni ile nikamwendea patroni: mimi sitaki. Nilimpa sababu zote za kikao, moja baada ya ingine: nguvu, safari ya mbali, harufu. Akasema ni hasara, lakini sawa. Kapinga akaenda kwa munganga, akarudi na karatasi yake, akapewa funguo. Mimi nabaki na Madame mupaka mununuzi apatikane, nachukua mikate ya mbali, Karavia na kule nyuma ya stesheni.

Sasa ucheke. Siku ya kwanza Kapinga alizunguka Cité yote, akarudi na mikate yake yote! Bamama bamezoea kuamka na ngurumo ya Madame. Madame ikipita wanatoka na vikapu. Yeye alipita kama muizi, hakuna muntu aliyetoka. Patroni akafunga kengele ya shaba juu ya dirisha, na kamba ya kuvuta. Sisi tunaiita mbuzi ya patroni. Kapinga anavuta kamba tangu asubuhi mupaka mukono umevimba, na bado anavaa tai.

Kuhusu munganga, usiniandikie tena. Muntu wa esanse hana haja ya munganga wa umeme.

Léonard


Kambove, 25 mwezi wa ine 1954

Baba mudogo mupenzi,

Mvua ya mwisho imenyesha hapa, vumbi linaanza. Claudine sasa ananiruhusu: tunangoja mutoto, mwezi wa munane Mungu akipenda. Mwambie Mama Laurentine, najua atapiga vigelegele mupaka jogoo wenu aone haya.

Nilisoma habari ya mifuko ya unga. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Noeli, siku ile nilipokuja, ulikuwa unatengeneza Madame kabla ya misa. Ulichukua tournevis, ukaiweka juu ya moteri. Ncha ya pili hukuiweka kwa sikio. Uliiuma kwa meno, ukafunga macho. Nilifikiri ni mchezo. Sasa natumika na mashini zenye sauti ndogo, najua kwamba muntu anaweza kusikia mashini kwa mifupa ya kichwa wakati masikio yamechoka.

Sisemi kitu, baba mudogo. Si kazi ya mutoto kumuambia muzazi kitu cha mwili wake. Ninasema tu kwamba huku Kambove kuna munganga muzee, mupole, hajulikani kwa patroni wako. Unaweza kuja kuona mimba ya Claudine, na hakuna atakayeuliza ulikuja kufanya nini kingine.

Na barabarani utembee pembeni. Nakuomba.

Lucien


Elisabethville, lopitali
7 mwezi wa sita 1954

Mutoto wangu,

Usishtuke na neno lililo hapo juu. Niko muzima, ni mguu tu. Mguu wa kushoto, chini ya goti, umevunjika. Sasa mimi na Laurentine tuna magoti sawasawa. Barua yako ya mwezi wa ine niliipata. Safari ya Kambove nilikuwa naipanga, mambo yakazidi.

Ilikuwa hivi. Siku ya kazi ya kwanza ya juma lililopita, asubuhi, nilikuwa mu kijia cha nyuma ya bulanjeri, kile chembamba kati ya kuta mbili. Nabeba bidoni ya esanse ya Madame. Motokari ya umeme ikaja nyuma yangu, ikanichukua. Hakuna muntu mwingine mu kijia, mimi na Kapinga tu. Mwansa alikuwa upande wa pili wa ukuta, akakimbia akanikuta chini, esanse imemwagika, Kapinga amepiga magoti ndani ya esanse na suruali yake nzuri, analia. Mwansa ndiye aliyenieleza baadaye walivyosemezana. Kapinga: «Nilipiga kengele, papa! Nilipiga, nilipiga!» Mwansa: «Muongo! Mi nilikuwa hapa nyuma ya ukuta, hakuna kengele! Shofere wa miaka yote ile, mwenye kusikia bujia moja ya moteri ikikosa kuwasha, ashindwe kusikia kengele ya kanisa mugongoni?»

Ndivyo bantu bote wanavyosema sasa. Komisere wa polisi amechukua permis ya Kapinga ya kuendesha motokari, ataitwa mbele ya kesi mwezi ujao. Patroni ameogopa, ameifunika ile motokari turubai yake ya zamani, anasema itarudi ilikotoka. Madame haitauzwa. Nikipona nitarudi kwa kiti changu. Mashofere banakuja hapa na munkoyo chini ya koti, sista anajifanya haoni. Siku ya Mungu balikuja bote, bakasimama kuzunguka kitanda kama mitume. Mwansa akasema: «Mukubwa, umevunja mguu lakini umeshinda vita. Umeme umekufa mu Elisabethville.»

Komisere alikuja hapa kuniuliza kama nilisikia kengele. Nilisema sikusikia. Ni ukweli mutupu, unaweza kuuapia.

Umusalimie Claudine. Ale vizuri.

Léonard


Kambove, 13 mwezi wa sita 1954

Baba mudogo,

Tumeogopa sana, na tunamushukuru Mungu kwa mguu uliobaki. Claudine amelia. Tungekuja, lakini ruhusa nitapewa tu mutoto akizaliwa.

Unisamehe, leo salamu zangu ni fupi.

Nimeuliza machinisti mumoja wa hapa, Mukasai pia, kama anamujua Kapinga. Anamujua. Kapinga ana muke, Madeleine, na batoto bane, na nyumba yao ni ya kazi. Kazi ikipotea, nyumba inapotea. Akifungwa, Madeleine na batoto barudi Luluabourg, ambako hao batoto hawajawahi kufika. Na huko kwenye kikao, nimeambiwa, bamoja bamekwisha kusema kwamba si motokari iliyokugonga, ni Mukasai. Wewe unajua maneno ya namna hii yanaanzia wapi, na hakuna anayejua yanaishia wapi.

Komisere alikuuliza kama ulisikia. Mimi sikuulizi hivyo. Ninakuuliza neno moja, na unijibu kwa neno moja: kengele ililia, ao haikulia?

Lucien


Elisabethville, Cité Albert
24 mwezi wa sita 1954

Lucien,

Nimerudi nyumbani na magongo mawili. Mbuzi wa jirani amekula kola ya shati langu la misa. Laurentine anapika ndizi kila siku, anasema zinaunga mifupa. Baridi ni kali.

Kuhusu swali lako, barua ilifika imenyeshewa na mvua, wino umefutika pale mwishoni. Sikuweza kusoma.

Madeleine wa Kapinga alikuja lopitali siku moja kabla sijatoka. Aliniletea bidia, ugali wa kwao, na samaki, imefungwa mu kitambaa safi. Akaketi, akasema maneno. Alisema muda murefu, lakini anaangalia chini, mukono mbele ya mudomo. Nikafanya ninavyofanya siku hizi, nikatikisa kichwa pole-pole, muntu aone nimeelewa. Nadhani nilitikisa mahali pabaya. Alisimama, akaniangalia kama muntu aliyepigwa, akaenda. Sahani yake bado iko hapa.

Usifikiri mimi ni jiwe. Lakini fikiri na weye: bila permis mimi ni nani? Tangu ujana bantu bananiita Léonard wa Madame. Toa Madame, itabaki nini? Muzee anayebeba mifuko ya unga, anayeitwa mara tatu bila kuitika, batoto bakimucheka. Mwansa na wenzake walinipigania. Mimi niwaambie nini?

Usimwandikie Mama yako juu ya mambo haya.

Léonard


Kambove, 2 mwezi wa saba 1954

Baba mudogo,

Huku Kambove mvua haijanyesha tangu mwezi wa ine, na huko kwenu vilevile. Wino wangu haukufutika.

Siandiki kwa Mama Laurentine, siandiki kwa komisere, wala kwa Kapinga. Jambo hili ni la mikono yako, nitakuheshimu hata ukiliacha. Lakini siku utakayoshika mutoto wangu nitataka kukuangalia usoni, na ninaogopa kwamba nitaangalia tena viatu vyangu, kama Noeli.

Kesi iko tarehe kumi na tisa.

Lucien


Elisabethville, 8 mwezi wa munane 1954

Mutoto wangu Lucien, na Claudine muzazi,

Telegramu yenu imefika. Musichana! Laurentine amepiga vigelegele, safari hii nimeona koo lake likicheza, nikajua ni vigelegele. Munasema munataka kumupa jina la upande wangu. Mumupe, lakini masikio achukue ya mama yake.

Unanidai barua tangu mwezi wa saba. Keti, nikueleze.

Nilikwenda kwa komisere na magongo yangu, shati limekosa kola. Walikuwa wamejaa: patroni, karani, Mwansa na mashofere bote mu mustari wa nyuma kama ukoo wa bwana arusi. Kapinga alikuwa peke yake upande wa pili. Hakuvaa tai. Lucien, ile shingo bila tai ilinichoma kuliko mfupa.

Komisere akasema kitu. Nilikuwa nimekaa mbali, sikuona mudomo wake vizuri, na nilichoka kutikisa kichwa. Nikasimama. Nikasema: «Bwana Komisere, naomba kengele.» Patroni akatuma muntu, wakaifungua kutoka motokari, ikaletwa mezani. Nikaenda mupaka ukutani, nikageuza uso kwa ukuta, mgongo kwa bantu. Nikasema: «Kapinga, shika kamba. Piga wakati unaotaka weye. Nikisikia nitainua mukono.»

Basi nikasimama. Ukuta ule umepakwa chokaa vibaya, kuna ufa, na mujusi mudogo alitoka mu ufa akaniangalia. Nikamuangalia. Nilifikiri: Kapinga huyu anangoja nini? Kweli Bakasai ni bantu ba kufikiri sana. Mguu ukaanza kuuma. Mwisho nikakasirika, nikageuka nimwambie aanze.

Kapinga alikuwa anapiga. Mukono wake unaenda juu na chini kama pompi, machozi yanatiririka. Komisere ameziba masikio kwa mikono miwili. Karani amemwaga wino. Mwansa, yeye aliyesema hakuna kengele, amefunika uso. Bote banajua, na mimi peke yangu nimesimama mbele yao mu kimya changu, kama kanisani Noeli ile, ila leo hapakuwa na wimbo.

Niliinua mukono. Nilikuwa nimechelewa kidogo.

Sasa neno lako moja. Ililia. Sikuisikia, lakini niliiona. Nilipoanguka mu kijia nililala chali, na kitu cha kwanza nilichoona juu yangu ni ile kengele: ulimi wake unapiga huku na huku, huku na huku, na mukono wa Kapinga bado umeshika kamba. Nilijua tangu pale chini. Munkoyo wote niliokunywa lopitali nilikunywa nikijua.

Permis yangu niliiweka juu ya meza kabla hawajaniomba. Ya Kapinga wakamurudishia. Pale nje alinijia, akasema kitu, kisha akakumbuka, akanizunguka akasimama mbele ya uso wangu, akasema tena pole-pole, na mudomo mupana: «Papa, sahani ya Madeleine.» Nikacheka mupaka gongo likaanguka. Tulikwenda kuirudisha pamoja, na Laurentine aliijaza karanga. Madeleine alifungua mulango, akapokea sahani, hakutukaribisha. Ana haki yake. Nitarudi tena.

Mwansa hasemi nami. Hainisumbui sana, maana hata akisema singemusikia. Huo ni utani, usiuamini. Siku ya Mungu nilipita mbele ya kikao, kiti changu kilikuwa tupu na hakuna aliyenisogezea.

Madame imeuzwa. Ameichukua mufanyabiashara wa Kasomeno, itabeba samaki wa Kasenga. Siku ya kuondoka niliiwasha mimi mwenyewe, nikauma tournevis kwa meno, nikafunga macho. Silinda ya tatu inakohoa kidogo. Nilimwonyesha yule muntu. Kisha niliona moshi wake ukipungua barabarani, na nikabaki nimesimama pale hata vumbi limekwisha kutulia.

Na usifikiri nimeongoka. Ile ya umeme bado si motokari, ni kabati yenye magurudumu. Lakini patroni ameirudisha kazini, na Kapinga alimuomba jambo: shofere hawezi kushika usukani, kuvuta kamba na kuuza mikate kwa mikono miwili. Kwa hiyo sasa kila asubuhi niko pembeni ya Kapinga, mguu umenyooka, kamba mukononi. Yeye amerudia tai yake. Tunabishana juu ya esanse na umeme njia nzima. Akitaka kunijibu anasimamisha motokari kwanza ili nione mudomo, na mikate inachelewa.

Kamba hiyo ninaivuta, na kwangu ni kamba tu. Lakini tukiingia mu avenue ya kwanza, ninaangalia mbele. Mulango mumoja unafunguka, kisha wa pili, bamama banatoka na vikapu, banatazama upande wetu. Hapo ndipo ninajua inalia.

Baba yako mudogo,
Léonard Mwenze